Igizo Dhima kwa Jamii za Pwani: Namna ya Kuandaa na Kuchezesha Mchezo wa Kujipanga na Mabadiliko ya Tabianchi

Watu wa pwani hawana haja ya kuambiwa kwamba bahari inapanda. Wanaona maji ya bamvua yakifika yasikofika zamani, na maji ya kisima yakianza kukolea chumvi. Kinachowakwamisha si ukosefu wa taarifa. Kila njia ya kujikinga ina wale inaowafaa na wale inaowaumiza, na mwamba ngoma huvutia kwake. Mkutano wa hadhara humpa mtu nafasi ya kutangaza msimamo wake, lakini haumpi nafasi ya kuujaribu msimamo wa jirani.

Igizo dhima linatoa nafasi hiyo. Watu sita hadi wanane wanakaa meza moja, kila mmoja ana kadi ya mhusika asiye yeye, hazina ya pamoja haitoshi, na lazima wakubaliane kabla ya muda kwisha. Njia hii imeshajaribiwa kwa utaratibu. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, na washirika wao waliandaa michezo ya namna hii kwa miji minne ya pwani ya New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo: Wells, Dover, Barnstable na Cranston. Kila mji ulitengenezewa mchezo wake kutokana na hatari zake, washiriki wakapita 500, na wakapewa maswali kabla na baada ya kucheza. Mwongozo huu unafuata mkondo huohuo, kwa kiwango ambacho kikundi kidogo kinaweza kukimudu.

Anza na uamuzi, si mada

"Tufanye nini kuhusu tabianchi" haichezeki. "Hazina ya miaka kumi ijayo itumike vipi kwa mtaa wa bondeni, barabara ya ufukweni na zahanati" inachezeka. Uamuzi unaofaa una sifa mbili: kuna mamlaka inayoweza kuufanya kweli, na watu wenye akili timamu wanatofautiana juu yake. Ikiwa kuna njia moja inayomfaa kila mtu, hamhitaji mchezo, nendeni mkaifanye.

Jiulizeni pia swali gumu mapema. Je, uamuzi wenyewe umeshapitishwa na mnatafuta tu watu wa kuupigia makofi? Kama ndivyo, acheni. Washiriki hunusa mpango uliofichwa mfukoni ndani ya nusu saa ya kwanza, na baada ya hapo hata mchezo mzuri hauwezi kuirudisha imani yao.

Sikiliza kabla ya kuandika

Zungumza na watu 15 hadi 25, mmoja mmoja, dakika 40 hivi kila mtu. Maswali manne yanatosha: bahari imefanya nini hapa, na lini? Ukipoteza nini utakuwa umepoteza kila kitu? Nani haalikwi mikutanoni? Na nini kingekufanya ukubali jambo usilolipenda? Swali la mwisho ndilo linalozaa kadi nzuri, kwa hiyo usiliharakishe. Watu watatu mfululizo wasipokupa jambo jipya, umeshasikia ya kutosha.

Kisha buni mji wa mchezo. Geuza ramani, changanya vijiji viwili, weka majina ya kutunga. Washiriki wautambue mgogoro bila kumtambua jirani. Ukitumia ramani halisi, meza itarudi kwenye kesi ya mpaka wa kiwanja ndani ya dakika tano. Siri ya mtu mmoja isiingie kwenye kadi ikiwa mzima. Unganisha maneno ya watu watatu au wanne.

Karatasi ya ukweli

Hii ni ya ukurasa mmoja, na kila mchezaji anapata ileile. Mji wa mchezo ni wa kubuni, lakini sayansi yake haibuniwi. Kwa mujibu wa ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi (IPCC) ya 2021, wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Kasi nayo imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda milimita 3.7 kwa mwaka. Kufikia 2100, ukilinganisha na wastani wa 1995 hadi 2014, makisio ni sentimita 28 hadi 55 ikiwa utoaji wa gesi zinazoipasha dunia joto utapunguzwa sana, na sentimita 63 hadi 101 ikiwa utaendelea kuwa mkubwa mno.

Namba hizo hazishikiki mpaka uzigeuze kuwa kitu cha kuonekana. Sentimita 20 ni kama shubiri moja. Funga uzi kwenye nguzo ya ukumbi: fundo la kwanza kwenye shubiri moja, la pili kwenye sentimita 50, la tatu kwenye mita moja. Waeleze kwamba uzi unaanza kuhesabiwa pale maji ya bamvua yanapoishia leo, si pale maji yanapokuwa yamekupwa. Hapo ndipo watu hunyamaza wakaanza kuangalia nguzo.

Kumbuka kwamba huo ni wastani wa dunia. Mahali ardhi inapodidimia, kwa mfano kwa sababu ya kuvuta mno maji ya chini ya ardhi, bahari hupanda zaidi machoni pa wenyeji. Tumia vipimo vya eneo lenu kama vipo, pamoja na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji.

Hazina na njia za kuchagua

Mchezo una duru tatu, kila moja ikiwakilisha miaka kumi. Tumia kete badala ya fedha halisi. Shilingi au dola huwafanya watu wabishane kuhusu bei za saruji. Mfano ufuatao ni wa meza ya watu saba, wenye hazina ya kete 20 mwanzoni na nyongeza ya kete 4 mwanzoni mwa duru ya pili na ya tatu:

- Ukuta wa bahari: kete 12, na kete 1 ya matengenezo kila duru inayofuata. Unalinda barabara na nyumba za bondeni katika duru mbili za kwanza. Duru ya tatu maji yanaupita juu, isipokuwa uongezwe kimo kwa kete 4.
- Kurejesha mikoko: kete 4. Haisaidii mpaka duru inayofuata ile iliyopandwa. Kuanzia hapo inapunguza hasara ya nyumba za bondeni kwa kete 2.
- Kuinua barabara na kupanua makalvati: kete 6.
- Kuhamishia zahanati na pampu ya maji mlimani: kete 5.
- Viwanja vya juu kwa kaya za bondeni zinazokubali kuhama: kete 9.
- Mfumo wa tahadhari na mazoezi ya kukimbia mafuriko: kete 2. Hauokoi mali, unaokoa watu.
- Marufuku ya ujenzi mpya ufukweni: bure kwa hazina, ghali kwa wenye ardhi.

Jumla ya vyote ni kete 38. Uwiano huo ndio moyo wa mchezo. Hazina ikikaribia kutosha, watu hununua kila kitu na hakuna anayejifunza. Ikiwa ndogo mno, hukata tamaa na kuanza kufanya mzaha. Njia saba pia ni nyingi vya kutosha. Zikifika kumi, duru ya kwanza yote huishia kwenye kusoma orodha.

Ukuta umewekewa kasoro makusudi. Kuta halisi mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwenye ufukwe wa jirani, na huwapa watu ujasiri wa kujenga palepale penye hatari. Wachezaji wagundue hilo wenyewe wakati wa mchezo. Ukiwahubiria kwenye karatasi ya ukweli, umewaamulia.

Kadi za wahusika

Wahusika saba wanaotosha: mwenyekiti wa mtaa anayeendesha kikao, mwakilishi wa wavuvi, mwenye hoteli ya ufukweni, mpangaji wa bondeni, ofisa mipango, mtetezi wa mazingira, na mama anayesimamia kamati ya maji. Mtaalamu wa sayansi tusimweke mezani. Akiwemo, wengine humgeukia awaamulie.

Kadi iwe na maneno yasiyozidi 250 na sehemu nne: wewe ni nani, unataka nini kwa mpangilio, siri yako, na unachoweza kuachia. Hii hapa ya mwakilishi wa wavuvi:

"Unawasemea wavuvi 80 wenye mashua ndogo. Kwanza, unataka diko libaki wazi. Ukuta usiokuwa na mwanya wa mashua usiukubali. Pili, unataka mikoko irudi, kwa sababu samaki wengi hukulia humo. Siri yako: vijana wengi mnaovua nao wamepanga bondeni, na nusu yao wangehama kesho kama wangepata kiwanja kisicho mbali na diko. Ukilisema hili mapema, mwenye hoteli ataomba bondeni kote kuhamwe. Unachoweza kuachia: diko kufungwa msimu mmoja wakati wa ujenzi. Una kete 1 yako binafsi."

Sehemu ya mwisho, ya kuachia, ndiyo waandishi wapya huisahau, na bila hiyo mchezo hugeuka kuwa mashindano ya kung'ang'ania. Kila kadi iwe na sababu ya kuheshimika. Mwenye hoteli asiandikwe kama fisi. Ana mkopo, ana wafanyakazi, na hofu yake ni ya kweli. Mpe kete binafsi 6, mpangaji mpe sifuri, na waache washangae wenyewe.

Kuna wanaogawa alama kwa kila mhusika ili mshindi ajulikane. Hatupendekezi. Alama huwafanya watu wapige hesabu badala ya kusikilizana, na kesho yake wanachokumbuka ni nani alishinda.

Shanga za dhoruba

Wengi wakisikia "mafuriko ya miaka mia" huelewa kwamba yakija leo hayarudi mpaka vitukuu. Maana yake hasa ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Katika miaka kumi, uwezekano wa kuyapata angalau mara moja unakaribia asilimia 10. Kwa hiyo chukua mfuko usioonesha ndani, tia shanga 10, moja nyekundu na tisa nyeupe. Kila duru ni miaka kumi. Mwishoni mwa duru, mmoja wa wachezaji anachomoa shanga bila kutazama, anaionesha, kisha anairudisha.

Bahari ikipanda, mafuriko yaleyale huja mara nyingi zaidi. Duru ya pili badilisha nyeupe moja iwe nyekundu, ziwe mbili. Hapo yamekuwa kama mafuriko ya miaka 50. Duru ya tatu ziwe nne, kama ya miaka 20. Zibadilishe mbele ya macho yao, polepole, na usiseme kitu. Kama shanga zingebaki moja nyekundu kwa duru zote tatu, uwezekano wa meza kupigwa angalau mara moja ungekuwa asilimia 27. Kwa moja, mbili, nne, unafika asilimia 57.

Ikitoka nyekundu, hazina inalipa kwa kila kisicholindwa: barabara kete 3, zahanati na pampu kete 4, nyumba za bondeni kete 5. Hazina ikikauka, wachezaji wajadili nani atoe kete zake binafsi. Wasipolipa, kilichoharibika kinabaki hivyo hadi mwisho, na wanaandika kwenye karatasi ya meza ni kipi.

Kila meza ichomoe yake. Ukiwa na meza nne, karibu mara tisa katika kumi itakuwepo angalau moja iliyosalimika duru zote. Huenda ndiyo iliyofanya machache zaidi. Meza hiyo ni dhahabu wakati wa mjadala, kwa sababu italazimika kueleza kama ilipanga vizuri au ilibahatika tu.

Ratiba ya siku

Saa tatu na nusu zinatosha: dakika 20 za kupokea watu na kujaza hojaji, 25 za kusoma kadi, 75 za mchezo, 15 za mapumziko, na 75 za mjadala. Muda wa mjadala usiguswe. Mkichelewa kuanza, futeni duru ya tatu kabla ya kupunguza mjadala.

Gawa kadi kinyume: mvuvi wa kweli apewe ya mwenye hoteli, ofisa apewe ya mpangaji. Mtu aliyewahi kupoteza nyumba kwa mafuriko aulizwe faraghani kabla ya siku kama anataka kucheza, na asipewe kadi ya aliyefurikiwa. Wasiosoma vizuri wasomewe kando na msaidizi, au wasikilizishwe kadi kwa simu na visikilizio. Usiwaache wakisomewa mezani, siri itakwisha. Watu wakizidi, wawili washike kadi moja. Usiweke watazamaji, kwani mtazamaji huvunja mchezo kwa kicheko kimoja.

Baada ya kusoma, ndani ya zile dakika 25, wakusanye kwa dakika 10 wenye kadi zinazofanana kutoka meza zote: wavuvi kona hii, wenyeviti kona ile. Wasaidiane kuielewa kadi na kupanga hoja. Kwa watu waoga, dakika hizi ndizo zinazowafungua mdomo.

Duru ya kwanza ipewe dakika 35, ya pili 20, ya tatu 20. Makubaliano yapite kwa watano kati ya saba, mwenyekiti akiwemo. Wasipofikia, hakuna kinachonunuliwa duru hiyo na shanga inachomolewa vilevile. Bahari haingoji akidi.

Mwezeshaji mmoja kwa meza mbili anatosha, na kazi yake ni muda na kanuni. Akiulizwa "tufanye nini?" ajibu "kadi yako inasemaje?" Akiulizwa swali la kanuni lisilo na jibu kwenye karatasi, aamue papo hapo na aandike, ili meza nyingine zipate uamuzi uleule.

Yanayoharibika, na dawa yake

*Makubaliano ya haraka.* Meza inamaliza dakika ya nane, wote wanatabasamu. Karibu kila mara mpangaji na mama wa kamati ya maji hawajasema neno. Mwombe mwenyekiti azunguke meza, kila mtu aseme anachopoteza kwa uamuzi huo. Kwa kawaida mazungumzo yanaanza upya.

*Kuigiza kupita kiasi.* Mtu anakuwa mwenye hoteli mwenye sauti ya kibepari, meza inacheka, hakuna mazungumzo. Mwambie kwa upole aseme maneno ambayo mhusika huyo angeyasema mbele ya mkewe.

*Mkubwa mezani.* Kiongozi halisi akikaa na walio chini yake, kadi haiondoi cheo. Viongozi wacheze meza moja peke yao, au wagawanywe ili kila mmoja akae na watu wasiomtegemea kwa kazi wala kibali.

*Kucheza wakati mbaya.* Kama kuna notisi ya kuondoa watu ufukweni, au uchaguzi uko mlangoni, ahirisha. Watu wataona mchezo ni maandalizi ya kuwafukuza, na si rahisi kuwathibitishia vingine.

Mjadala

Anza kwa kuvua kadi. Kila mtu aigeuze kifudifudi, ataje jina lake halisi, kisha aseme jambo moja lililomuudhi akiwa mhusika. Usiruke hatua hii. Asiyevua kadi hubeba ugomvi wa mezani hadi nyumbani.

Halafu bandika ukutani matokeo ya meza zote: walinunua nini, duru gani, wakapigwa lini, kete zilizobaki. Kadi zilikuwa zilezile na hazina ileile, mbona miji minne tofauti? Kaa na swali hilo nusu saa nzima. Kwa kawaida jibu la kwanza ni shanga, la pili ni mwenyekiti, na la tatu, likija, ni nani alisema siri yake na lini. Mvuvi aliyetaja mapema habari ya vijana wanaotaka kuhama mara nyingine hufungua mlango wa viwanja vya nusu bei. Kwenye meza nyingine hummaliza. Waulize tofauti ilitoka wapi. Mara nyingi iko kwenye alichofanya aliyeambiwa.

Ndipo uulize: kipi katika mji huu kinafanana na kwetu, na kipi hakifanani? Andika pande zote mbili. Upande wa "hakifanani" usiupuuze, kwani ndio unaokuonesha kadi gani ziandikwe upya. Malizia kwa jambo moja tu linaloweza kufanyika ndani ya siku 90, pamoja na mtu atakayelifuatilia.

Hojaji na siku zinazofuata

Maswali sita, majibu ya 1 hadi 5, yaleyale kabla na baada: una wasiwasi kiasi gani, unaelewa kiasi gani, unaamini kiasi gani kwamba watu wa hapa wanaweza kukubaliana, na kadhalika. Usishangae wasiwasi na matumaini vikipanda pamoja. Tumia namba badala ya majina, ili karatasi za mtu mmoja zilinganishwe bila kumjua. Kisha rudi baada ya wiki sita na maswali yaleyale, kwa sababu msisimko wa ukumbini hupungua, na jibu la wiki ya sita ndilo la kuliwekea uzito.

Ndani ya wiki moja, wapelekee washiriki na mamlaka husika karatasi moja: matokeo ya meza, mambo yaliyofanana na kwenu, na lile la siku 90. Usiandike nani alisema nini. Kusanya kadi zote kabla watu hawajaondoka na uzihesabu. Moja ikipotea, siri zake zitakuwa mtaani kabla ya kundi lijalo, na itabidi uiandike upya kadi hiyo pamoja na zile mbili au tatu zinazoitegemea.